Ukuta wa Mistari ya Buluu Gerejini kwa Abdulghani

Abdulghani, mwaka umepinduka tangu tukulaze, na hawa wanaosoma karatasi hii ukutani mwa mkahawa wameshaanza kutazama kando. Waache. Mwaka mzima ndiyo kazi waliyoifanya. Wakipita mbele ya gereji yako hugeuza nyuso upande wa msikiti, kama watu waliokumbuka dua. Wakikutana na mkeo sokoni huinama kuchagua ndizi. Ndizi nyingi mno zimechaguliwa mwaka huu na watu wasionunua.

Sisi, jamaa zako, tunazungumza na wewe. Wao wasikie.

Gereji yenyewe haikuwa kitu cha kuonewa kijicho. Mwenye nyumba wa kwanza aliijenga kwa ajili ya gari dogo, na hata gari lile liliingia kwa kubembelezwa. Ukiweka mlango mmoja juu ya meza ya kazi, mtu wa pili hana pa kusimama. Lakini wewe uliifanya ikaenea kila kitu. Mbao ndefu ulizilaza juu baina ya boriti, zilizokauka upande wa kibla, mbichi upande wa mlango. Skrubu na nati ulizitia katika chupa za jemu, na vifuniko vyake ukavigongomea chini ya rafu, hata mtu akitaka skrubu huinua mkono akaizungusha chupa kama achumaye ndimu. Patasi ulizichomeka kwenye ndoo ya mchanga uliokorogwa na oili, kwani chumvi ya Malindi, ukisema, hula chuma hata ndani ya sanduku. Chini hapakuwekwa kitu ila miguu yako.

Na ukuta wa kushoto, huo mtaa mzima unaujua. Mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada, kazi zilipokauka, ulimwita mkeo Shekha aache chungu aje na kipande cha makaa. Ukawa unakishika kila kifaa ukutani, naye anakizungushia mstari: msumeno, randa, nyundo, keekee, koleo, timazi. Kisha mkaipaka mistari ile rangi ya buluu iliyobaki kwenye madirisha. Mahali pa nyundo alikichora na kidole gumba chako, nawe ukakataa kukifuta. Kipo hadi leo.

Ulikuwa na maneno machache, na hayo machache uliyarudia. "Kisicho na mahali hakina mwenyewe." Siku Shekha alipofungulia kopo la rangi kwa patasi yako ya nusu inchi, hukumsemeza mpaka isha. Isha ilipokwisha ukamletea bisbisi mbovu, ukampigia msumari jikoni, ukamwambia, hii ni yako, ivunje utakavyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna yako ya kuomba radhi.

Hukumnyima mtu kifaa. Hukuuliza atakirudisha lini, wala hukuandika. Sharti lilikuwa moja: achukuaye, aache kitu chake kwenye msumari ule ule. Ukuta wako ukawa na kofia, kandambili, funguo za baiskeli. Mzee mmoja alikuja kwa koleo hana kitu mwilini cha kuacha, akatundika meno yake ya bandia ndani ya leso. Koleo ilirudi kabla ya chakula cha mchana. Ulicheka mpaka ukakaa chini, wewe usiyekaa chini.

Basi wakumbuke hawa, kwa kuwa sisi tunakumbuka. Ni vitanda vya nani visivyopitia mikononi mwako? Hata jeneza la mtaa, ambalo kila msomaji hapa atalipanda, mishikio yake uliibadilisha wewe bila kuombwa. Ndiyo iliyokubeba.

Homa ilikuchukua haraka, kabla hujapata nafasi ya kuwaita wadeni wa ukuta wako. Tukatandika mikeka uani, watu wakajaa. Shekha aliingia eda katika chumba cha ndani, kile ambacho dirisha lake linatazamana na mlango wa gereji. Na hapo ndipo alipoyasikia, nyuma ya luva zilizofungwa, mjane asiyeweza kutoka wala kujionesha kwa wanaume.

Alisikia mlango wa gereji ukisukumwa pole pole. Akadhani ni mwanawe Athman anatafuta mahali pa kuwekea masufuria ya matanga. Lakini nyayo hazikuwa za Athman. Akauliza ni nani.

"Ni mimi, shemeji," akajibu Mahdi, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, mtu wa safu ya mbele msikitini. "Nimekuja kuchukua kofia yangu."

"Na randa?"

"Randa haina miguu, shemeji. Itakwenda wapi?"

Akaondoka na kofia kichwani, akarudi mkekani kukusomea. Tunamtaja jina kwa sababu ndiye aliyefungua njia. Baada yake Shekha alihesabu kwa masikio tu: huyu funguo, huyu kandambili, yule koti la mvua. Mmoja mmoja, kwa adabu, wakivua viatu mlangoni. Kila aliyeingia alichukua chake, na hakuna aliyeleta chako. Siku tulipoanua tanga, ukuta ulibaki na mistari ya buluu na misumari mitupu.

Eda haikatizwi kwa ajili ya keekee. Walilijua hilo. Shekha alipotoka, akiuliza hujibiwa na wake zao kwamba bwana hayupo, au kwamba kifaa kile fundi alikitoa zawadi, au mwanamke ana haja gani na msumeno. Haja yake ni Chiku, binti yako mdogo, ambaye bado yuko chuoni akisoma Kurani na hula kila siku kama watoto wa wenzake. Vifaa vile ni mali ya yatima. Wanaosimama safu ya mbele wanajua vizuri kuliko sisi lililoandikwa juu ya anayeila.

Mtu mmoja alikuja. Hakuwa wa mtaa huu. Thoya, yule mkulima wa Jilore aliyekuwa akikuletea machungwa, alifika mwezi wa pili wa msiba na tupa yako ndani ya gunia, imefungwa kitambaa. Hatukujua kama anayo. Rehani yake, mkufu wa jembe la plau, ilikuwa imeshachukuliwa na mtu asiyekuwa na ng'ombe. Hakuuliza habari ya mkufu. Aliitundika tupa mahali pake, akautazama ukuta, akauliza kama kumeingia wezi.

"Hapana," Shekha akamjibu kutoka nyuma ya luva. "Majirani."

Sasa sikia la mwanao. Athman alipata kazi ya milango ya chuo, kazi yake ya kwanza peke yake, na mkono wake, mashallah, ni wako. Kukosa randa hakuwezi kuzibwa kwa msasa. Akaenda kwa Mahdi, akamwamkia shikamoo, akaomba. Mahdi akaitoa chini ya kitanda ikiwa na kutu ubavuni.

"Chukua, mwanangu," akamwambia. "Lakini acha kitu. Si unaijua desturi ya babako?"

Athman akaacha viatu. Alirudi saa ya jua kali, akirukaruka juu ya mchanga, na randa ya babake kwapani. Mamake akamuuliza viatu viko wapi, naye hakumficha. Shekha alikaa kwenye kizingiti. Hakulia. Alicheka, na kicheko kile kilitutisha kuliko kilio chochote cha mwaka huu.

Tulimwambia Athman: randa ni yako, iweke, viatu tutakununulia. Akapiga randa mlango mmoja, akaifuta kutu, akaipaka oili. Alasiri akavaa kandambili za mamake akaenda kuirudisha.

"Nimeikopa," alisema. "Baba hakunifundisha njia nyingine."

Ndivyo ulivyomlea, Abdulghani, na ndilo jambo linalotuchoma. Uliwafundisha watu wote sheria moja, na aliyeishika ni mwanao tu na mtu wa Jilore. Wengine walijifunza upande mmoja, ule wa kuchukua.

Kwa kukosa vifaa, milango ya chuo iliyobaki imekwenda kwa fundi mwingine. Athman amepata nafasi Mariakani, uani mwa malori, kukaza nati kwa spana za mwenye uwanja. Lori linampitia kesho baada ya alfajiri. Mwenye magunia ya mbata anaitaka gereji tangu mwezi uliopita, na Shekha hana tena neno la kumkatalia. Huyo ataing'oa rafu pamoja na chupa zake, na ukuta ataupaka chokaa. Kidole chako kitakwenda na chokaa hiyo. Athman amesema wazi: vifaa vikirudi leo, lori lipite tupu. Visiporudi, hana la kumkalisha hapa.

Unakumbukwa na mkeo Shekha. Na wanao, Athman na Chiku. Na dada yako Mastura aliyeko Mambrui, asiyepitwa na siku bila kukutaja. Na mdogo wako Amin, aliyeshika kalamu kwa niaba ya wote na yuko tayari kuyarudia haya kwa mdomo mbele ya yeyote. Hatujakusahau, na maadamu tuna pumzi hutasahauliwa. Mola akulaze pema.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, ambaye moyo wako umekwisha kukutajia kifaa chenyewe: hatutaki maelezo, wala hatutaki radhi. Mlango wa gereji uko wazi na hakuna aliyeketi ndani kukutazama. Mchoro wake uko ukutani, hutapotea. Nenda nyumbani sasa hivi, ukitoe ulikokificha, ukitundike kabla ya adhana ya magharibi. Ukingoja kesho utabaki na mali ya yatima mkononi, na mahali pa kuirudisha hapatakuwapo tena. Inuka.