Siku Niliyokataa Kuanguka

Rafiki yangu Etyang,

Kuna kitu nilikuficha siku ile ya maonyesho pale Malaba. Nilikificha ukiwa mzima, nikakificha ukiwa mgonjwa, nikakificha nikiwa nimesimama mbele ya jeneza lako. Sasa moyo wangu umechoka. Daktari wa hospitali ya Alupe haniambii tena nirudi lini, na binti yangu Nekesa ndiye ananiogesha. Nikifa bila kusema, hakuna mwingine anayejua.

Kwanza habari. Ule ukumbi wa kanisa tuliofundishia sasa ni stoo ya mayai kutoka Uganda. Maturubai tuliyoshona na kujaza maranda ya mbao, ili wanaoanguka wasiumie, yametafunwa na panya. Fimbo yako ya mpera mkeo anainulia kamba ya nguo. Na ule upanga wa mti, uliouchonga mwenyewe na kuupaka mafuta kila Jumamosi? Siku ya mazishi wapishi walikosa mwiko wa kutosha sufuria kubwa, wakausongea ugali. Niliwaona. Nilikula ule ugali.

Halafu nikaitwa niseme machache. Mwalimu mstaafu hakosi maneno. Nikasema marehemu alipenda michezo. Mkeo akainamisha kichwa. Ulitoa maisha yako kwa aikido, ile sanaa ya Kijapani ya kujilinda, nami nikaiita michezo, nikarudi kukaa.

Unajua chuki yangu kwako ilianzia wapi? Mimi ndiye niliyekuletea aikido. Nilijifunza Nairobi nikiwa chuoni, nikakufundisha nyuma ya nyumba za walimu: usirudi nyuma, mguu uingie kando ya pigo, kiuno kigeuke, nguvu za mwenzako ziache zipite. Haukupita muda ukanishinda. Watu wakakuita mwalimu, mimi nikawa wa kuangushwa. Nakujia na kisu cha mti, unakamata mkono, unaugeuza nje, naanguka. Nakujia na upanga, unaingia, naanguka. Kuanguka nako ni ufundi, tuliwaambia wanafunzi, maana ndiko kunakookoa kiungo cha anayeshambulia. Lakini nani humpigia makofi anayeanguka?

"Hili ni gunia langu la mahindi," ulikuwa ukiwaambia watazamaji, umenishika bega. Walicheka. Ulicheka. Jina likaniganda. Wabadilisha pesa wa mpakani waliniona nikipita, wakapaza sauti: "Mzee Gunia! Leo unatupwa saa ngapi?" Hata mke wangu, Mungu amrehemu, siku moja aliniita hivyo jikoni bila kufikiri.

Siku ile ya maonyesho mwenye yadi ya malori alikuja kuona kama utafaa kuwafundisha walinzi wake. Ulikuwa umevaa nguo nyeupe, pasi imekolea. Madereva walishuka kwenye foleni kutazama, wanafunzi wako wakakaa mbele. Dereva mmoja akapiga kelele, "Boss, huyo mzee anajiangusha!" Ukatabasamu, ukaniita. "Njoo, Barasa. Njoo na nguvu zako zote, wasiseme tunaigiza."

Nilikuja na nguvu zangu zote, kisu cha mti mkono wa kulia. Ukaingia kando, ukakamata, ukageuza.

Sikuanguka. Niliuma meno, nikakaza magoti. Kisu nikakihamishia mkono wa kushoto, nikakugusa nacho tumboni, polepole, kila mtu aone. Zilipigwa kelele! "Mwalimu amekufa! Tuchange ya jeneza!" Mwenye yadi alicheka hadi akatoa leso. Wanafunzi wako hawakucheka, walikutazama tu, na hilo nililifurahia zaidi. Uliniuliza kwa sauti ndogo, "Barasa, vipi?" Nikatia mkono wa kulia mfukoni, nikaondoka. Nilifurahi njia nzima hadi nyumbani.

Mwenye yadi hakukutafuta tena. Mwezi huohuo ukafunga darasa, ukaanza kuvuka mpaka kwenda kunywa waragi. Ulisema huwezi kuwafundisha watoto wa watu uongo, wakauawe na majambazi wakidhani wanajua kitu. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Ulipolala kitandani, tumbo limejaa maji, uliniuliza: "Miaka yote hiyo ulikuwa unanihurumia? Sema tu, sitakasirika. Nilikuwa nakushika sawasawa au la?" Nilikuwa na kikombe cha chai cha mkeo mkononi. Neno moja tu lingekutosha. Nikakuambia, "Tulikuwa tunacheza ngoma tu, ndugu yangu." Ukageukia ukuta. Nilimaliza chai, nikaaga.

Ulikwenda kaburini na jibu langu hilo. Nalikumbuka hilo kila mara Nekesa anapoinua mguu wangu kuutia kwenye beseni, mimi mwenyewe siwezi.

Siombi unisamehe. Wewe pia hukuniomba. Ila kesho nitamwita mkeo, nimwambie haya yote Nekesa akisikia, naye awaambie wale wanafunzi wako waliobaki hapa Malaba. Najua mkeo atanitemea mate. Nitamwita hivyohivyo. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine.

Kwaheri, Etyang.

Ulinishika sawasawa. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika pale pale ulipogeuza. Niliusikia, nikabaki nimesimama.