Mbio za Kumkatia Ilim Kamba

Mukash, mdogo wangu usiye na haya,

Mkeo akiuliza, mwambie nilishinda mbio na nikamkatia mjukuu wangu Ilim kamba ya miguuni, vijana wote wakala vumbi. Uongo mtupu. Sikukimbia, na wa kulaumiwa ni wewe.

Mwaka mzima nimekimbia kando ya mto, majirani wakinicheka, ili mtoto akianza kutembea na kufungwa kamba miguuni kama desturi yetu, mshindi wa kumkatia niwe mimi, arithi miguu yangu. Siku ilipofika ukanivuta nyuma ya hema: "Kaka, karata za poka, mchezo mmoja tu, mbio bado." Nikashika wafalme watatu. Wakimbiaji wakaitwa, nawe ukazidi kugawa karata na kunimiminia maziwa ya farasi yaliyochachuka, yenye kulevya. Nilipotoka, kamba ilikuwa imekatwa na jirani mmoja mlevi. Binti yangu Nurzada, mama yake Ilim, akaniambia, "Baba, basi kawalee hao wafalme wako." Hadi leo hapokei simu yangu.

Harusini kwako waliliwa kondoo wangu, mnafiki wee. Sasa nilipe kidogo: mpigie Nurzada, umwambie ulisikia wakiniita ukanyamaza. Kwamba hata mimi nilisikia, hilo liache.

Kaka yako unayemkera,
Sabyrkul