Mstari wa Zambarau Niliouacha Kwenye Bampa

Jumapili, jua linazama. Upepo wa leo ni ule wetu wa Dodoma wa kiangazi, mkavu, unapasua midomo na kuingiza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Eliya amelala mgongoni kwangu. Mimi sijatulia. Nina furaha mbaya.

Nasema mbaya kwa sababu ndivyo ilivyo. Leo nimemuaibisha wifi yangu mbele ya mama yake mzazi, na moyo wangu unacheka.

Wifi Anjela ni dada wa mume wangu, anafanya kazi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba. Mwezi huu aliazima gari letu kwenda kwenye sendofu ya rafiki yake anayeolewa. Alilirudisha mchana, Baba Eliya hayupo. Akanipa ufunguo mlangoni, akaaga harakaharaka. Nilikuwa nanyonyesha, sikutoka nje kukagua. Jamani, nani anamkagua wifi yake?

Jioni Baba Eliya akakuta bampa la nyuma limepasuka kwenye kona na limekwaruzika vibaya. Akampigia dada yake. Eti yeye gari alilirudisha zima, labda mimi ndiye nililigonga nikijifunza.

Ni kweli najifunza. Leseni ya kujifunzia ninayo, na jioni mume wangu alikuwa ananipeleka uwanjani kufanya mazoezi. Nataka siku moja nipeleke mwenyewe hotpoti zangu za chakula cha mchana ninachouza Mtumba, badala ya kupanda nazo bodaboda mchuzi ukinimwagikia mapajani. Ndoto yenyewe ndogo, lakini ni yangu.

Mume wangu alimwamini dada yake.

Akauchukua ufunguo. Akasema bampa likirudi kama lilivyokuwa ndipo tutaongea habari za usukani. Na mtihani wa udereva huo unakuja. Kisha kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu yao, wifi akanirushia kijembe watu wakiwa wamejaa: "Wifi yangu, usukani si mwiko wa ugali!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Nikaamua nitalitengeneza mwenyewe. Nimeishia darasa la saba, lakini macho ninayo. Wakati nanyonyesha nilikuwa naangalia kwenye simu jinsi mafundi wanavyofanya, narudia na kurudia. Baba Eliya akalifungua bampa, akalilaza uani juu ya viti viwili vya plastiki. Akawa anaenda kazini na gari limebaki wazi nyuma, kama mzee aliyevua meno ya bandia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuliosha kwa sabuni ya vyombo. Tope lilipotoka, nikaona. Ndani ya mkwaruzo, kule chini ambako kitambaa hakifiki, kulikuwa na rangi ya zambarau.

Gari letu ni jeupe. Geti la wifi Anjela ni la zambarau. Alilipaka mwaka huu, akaturushia picha zake kwenye grupu la familia mpaka tukachoka kusifia.

Alikuwa ameufuta ule mkwaruzo. Ila rangi iliyojichimbia ndani hakuiona.

Ningeweza kumwita Baba Eliya palepale. Sikumwita. Najua angempigia dada yake pembeni, wangeyamaliza wao kwa wao, na kile kicheko cha kwenye ubatizo kingebaki kwangu. Nilitaka kimrudie vilevile kilivyonijia, mbele ya watu.

Basi nikakata tepu ya karatasi, nikaufunika ule mstari. Mwembamba tu, urefu wa kiganja. Sehemu nyingine zote nikazifanyia kazi kama inavyotakiwa. Ufa nikauziba kwa ndani, nje nikapaka pati ya kujazia, ikakauka. Nikapiga msasa mkavu, kisha msasa wa maji, mpaka kidole kikipita hakijui pati inaanzia wapi. Kila nikisugua nilikuwa namsugua yeye. Nimeandika, na sifuti.

Muuza duka aliniambia plastiki ina praima yake, rangi ya kwanza ya kushikilia, bila hiyo jua litaibandua rangi kama gamba la nyoka. Nikaipaka. Nikaamka asubuhi kabla upepo haujaanza, nikatundika shuka mbichi kuzuia vumbi, Eliya nikamwacha kwa jirani asivute ile harufu, nikaanza kupuliza rangi.

Ikakataa. Ikafanya vishimo vidogo vya duara, kama macho yananitazama. Nilikaa chini nikalia. Nilidhani Mungu ameona ninachopanga.

Kumbe ni mafuta ya mgando. Upepo huu unamkausha sana mwanangu ngozi, kwa hiyo kila asubuhi nampaka mafuta mpaka anang'aa. Nilimpaka, nikajifuta kwenye khanga, nikaenda kulishika bampa. Kila nilipogusa, rangi ilikimbia. Nikasugua yote upya, nikaanza tena. Tangu siku hiyo nampaka Eliya, nanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo nasogelea kazi.

Baba Eliya aliuliza mara moja, "Hiyo tepu ya nini?" Nikamwambia kazi haijaisha.

Jana nikaibandua. Bampa lote jeupe, laini kama yai, na pale kwenye kona mstari wa zambarau umelala peke yake. Nikapuliza vanishi juu ya vyote, rangi yangu na rangi ya geti pamoja. Ilipokauka nikausugua ule mstari kwa kidole. Hautoki.

Leo mama mkwe amekuja kutoka Haneti, na wifi akaja kula naye. Baada ya chakula Baba Eliya akasema tulione hilo bampa kabla hajalifunga. Nikavuta shuka iliyolifunika. Wifi ndiye aliyewahi kusema.

"Mbona hapa hujamalizia, wifi?"

"Nimemalizia, wifi yangu. Gusa, kuna vanishi."

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Sikusema hata moja, maana mama mkwe aliinama akaangalia, akauliza bila hila yoyote, "Anjela, hii si rangi ya geti lako?"

"Aah, mama, zambarau si ziko nyingi tu."

"Ziko wapi? Nimepita Ipagala yote huko kwako, sijaona geti jingine la hivi."

Baba Eliya akapitisha kidole gumba juu ya mstari, akamtazama dada yake, akanitazama mimi. Wifi akaanza kusema aliogopa, kwamba kaka yake angemfokea, kwamba alitaka kuniambia. Baba Eliya akaingia ndani, akarudi na ufunguo, akaniwekea mkononi mbele yao wote. "Kesho jioni uwanjani," akasema. "Nisamehe, Mama Eliya."

Nilingoja raha ije, na ikaja. Nisidanganye, ilikuwa tamu. Kisha nikamwona mama mkwe amekaa kwenye mkeka anachezea pindo la khanga yake, ameshindwa kumtazama mwanawe. Hapo utamu ukapungua kidogo. Kidogo tu.

Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeshamchinja, mwanangu. Usimchune."

Nikasuuza sahani.

Wifi alipokuwa anaondoka akanivuta pembeni, macho mekundu. "Ile alama itatoka?"

"Itatoka, ukija Jumamosi kuisugua mwenyewe."

Alidhani natania.

Sasa nimekaa hapa kizingitini nafikiria maneno ya mama mkwe. Ni mtu mwema, hakuwahi kunidharau, na sitaki alale na aibu ya mwanawe kwa sababu yangu. Lakini kwenye ubatizo hakuna aliyemwambia Anjela asinichune. Ningeweza kumaliza yote kesho asubuhi, msasa na rangi, kabla Eliya hajaamka. Mkono wangu unajua. Moyo ndio hautaki.

Baba Eliya ameshalifunga. Kesho gari linakwenda kazini hivyohivyo, na mstari wake. Jumamosi wifi akija amevaa khanga kuukuu ya kazi, nitampa msasa na ndoo ya maji, tutakaa chini tusugue wote wawili, na nitamwonyesha pa kuanzia ili asiharibu pembeni. Labda hapo nitamsamehe.

Asipokuja, basi. Vanishi niliyopaka ni nzuri, itakaa miaka.