Shikamoo ya Mayala

Nkome, Geita
Jumapili, 3 Machi 2024

Kwako dada yangu Limi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na wanao wote, na kwamba mvua za huko Mhunze zimewaachia angalau mahindi ya kuchoma. Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, hata nimenenepa. Ukifika mwisho wa barua utaona kuwa hilo lenyewe ni aibu.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati sote tuna simu. Lakini wewe hupokei simu bila kuweka spika, na ukoo mzima wa mumeo unakaa kusikiliza na kuchangia. Maneno haya nataka uyasome kwanza peke yako. Nimempa Apolonia, yule anayewaletea dagaa, na nimemtisha vya kutosha asiifungue.

Ni yeye Apolonia aliyeniambia jana kwamba Bibi Mariana ataruhusiwa kutoka hospitali ya Kolandoto Ijumaa hii. Alisema mkono waliomvunja umeunga vibaya, na kwamba bibi hana pa kwenda ila kurudi hapo hapo nyumbani kwenu. Tena shemeji yako Januari ameapa mbele ya watu kuwa safari hii, bibi akikanyaga pale, hatavunjwa mkono tu. Ndiyo maana nimeshika kalamu leo.

Dada, mumeo Mayala hakuuawa na radi, na hakuna mtu aliyemtumia radi.

Unakumbuka kesi ya bibi ilivyoanza. Mayala alipokuwa anaaga kuja mnadani Katoro, bibi, aliyemlea tangu mama yake mzazi afe, alimshika shati akamsihi asikaribie maji, kwamba mvua za Desemba hii ni mbaya. Maneno ya mama yeyote kwa mwanawe. Mazishi yalipokwisha mkamgeuzia: alijuaje? Mganga akala mbuzi wenu na kuwaambia mlichokuwa mmeshakisema wenyewe. Wavuvi walipomwopoa Mayala siku ya pili hakuwa na hata doa la moto mwilini, na mtu mwenye akili angejiuliza. Ninyi mkasema radi ya kutumwa haiunguzi. Mimi nilikuwepo kwenye kikao, nikatikisa kichwa kukubali, nikapokea bakuli la nyama. Na wewe, dada, ndiye uliyetoa vyungu vya bibi nje na kuvivunja kimoja kimoja. Nilikuona, na nilifurahi kwamba macho ya watu yako kwako.

Sasa nikueleze. Mayala nilimchukia. Tulizaliwa mwaka mmoja, lakini tangu siku ng'ombe wa mahari walipoingia kwetu alinitaka nimwamkie shikamoo mbele za watu. Nikiitoa, ananyanyua sikio na kusema hajasikia, nirudie. Narudia, ananiitikia marahaba kwa wakati wake, watu wanacheka, wanasema ni utani wa mashemeji. Miaka kumi na mmoja, dada. Hata kwenye msiba wa baba yetu alinirudisha mara mbili.

Siku ile, akitokea mnadani, alifika hapa Nkome saa saba mchana kuiona boti ninayoitunza, ile ndogo ya tanga ambayo Mzee Eustace, mnunuzi wa dhahabu, aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Niliitoa shikamoo yangu, akairudisha kama kawaida. Kisha akaniuliza mbele ya kina mama wanaoanika dagaa kama ni kweli mwanaume mzima nalipwa kulinda kitambaa. Walicheka hadi wakakaa chini. Nikamwambia apande, nimtembeze.

Mzee Eustace alinikataza kabisa kuitoa boti mchana upepo ukikata na ziwa likitulia kama uji uliopoa. Lilikuwa limetulia hivyo. Upande wa visiwani wingu lilikuwa limeshasimama, jeusi, na wavuvi walikuwa wanarudi, mmoja akanipungia nigeuze. Nilimpungia na mimi. Nilitaka Mayala aogope kidogo tu, aniombe nimrudishe pwani, nami nijifanye sijasikia. Kulikuwa na majaketi mawili ya kujiokoa. Mimi nilivaa langu. La kwake alilikalia, akisema hayo ni ya watoto, nami sikumlazimisha.

Upepo ulikuja mara moja. Nilijaribu kushusha tanga, kamba ikakwama juu. Mvua ilitupiga usoni kama changarawe, kisha radi ikapiga ncha ya mlingoti, sote tukarushwa na boti ikalala ubavu. Hiyo ndiyo radi mnayoisema. Haikumgusa. Mimi nilipanda juu ya tumbo la boti, na Mayala alikuwa chini yangu majini, ameshika kamba, mzima, anaongea. Jaketi lake lilikuwa linaelea mbali. Aliniita shemeji, akanyoosha mkono. Ningeinama tu ningemfikia.

Nikamwambia aniamkie kwanza.

Alidhani ni utani. Alipoona sitanii alinisihi kwa Kisukuma, kwa jina la mama yetu, akataja watoto wenu mmoja mmoja hadi yule wa mgongoni. Nikarudia kwamba nasubiri shikamoo. Akaitoa, dada. Aliitoa vizuri, kwa adabu, kama mtoto aliyetumwa kwa mkubwa. Ilikuwa tamu. Nikanyanyua sikio, nikamwambia sijasikia, arudie.

Hakurudia. Wimbi lilipita, na kamba ikabaki inaelea peke yake.

Wavuvi waliponifikisha pwani watu waliniuliza ni nini. Nikaonyesha mlingoti uliopasuka, nikasema radi. Neno hilo moja ndilo lililovunja mkono wa Bibi Mariana.

Msomee Januari barua hii kabla ya Ijumaa, na wote waliobeba fimbo siku ile. Waambie nipo Nkome, pale pale boti inapofungwa, siondoki. Kisha uende Kolandoto wewe mwenyewe ukamchukue bibi, umnunulie vyungu vingine. Mimi siwezi kumtazama.

Wasalimie watoto wote, na yule wa mgongoni umbusu kwa niaba yangu, kama mkono wako utakubali. Msalimie mama, ila usimsomee.

Na ile shikamoo niliyokuandikia hapo juu, dada, usiiitikie.

Mdogo wako,
Ngusa