Mstari wa Mtaa wa Cotter Niliuchora Mimi

Mpendwa mshauri wa gazetini,

Naomba unisaidie kabla sijasimama mahakamani, maana nimebeba jambo ambalo hata mke wangu hajui, na kila Jumapili nakaa nalo mezani kwa mama yangu.

Nina miaka arobaini na minne, nafanya kazi makao makuu ya jimbo letu hapa Marekani, katika ofisi inayochora wilaya za uchaguzi, zile zinazoamua nani atamchagua mbunge yupi wa kwenda Washington. Nimezaliwa mji wa Harlow Bend, ng'ambo ya reli, mtaa wa Cotter, ambako sisi watu weusi tumekaa tangu enzi za babu zetu, na aliyenilea hasa ni dada yangu Ernestine, kwa sababu mama alikuwa akishinda kiwandani akipasua samaki. Ernestine amefundisha shule miaka ishirini na sita. Uchaguzi uliotangulia huu wa juzi aligombea ubunge kwa chama cha upinzani, nikachukua likizo nikatembea naye mlango kwa mlango, yeye anaongea mimi naandika kwenye daftari lake nani yuko nasi, nani anatusengenya, mzee gani atahitaji gari siku ya kura, na akashindwa kwa kura mia tisa tu, na kila mtu, marafiki na maadui, alijua kwamba akirudi atashinda.

Basi hata sensa, ambayo kwa desturi ndiyo husubiriwa, haijafika, chama kinachotawala jimbo kikaamua kukata wilaya upya. Mwenyekiti wa kamati ya ramani, Mheshimiwa Stroud, akaniita ofisini kwake, akaniketisha vizuri, akaniambia, "Kompyuta inanipa namba. Wewe unawajua watu." Hakunitisha, alisema tu kwamba kiti changu kina wengi wanaokitamani. Nikachora. Nikaupasua Harlow Bend vipande vitatu, kimoja nikakitupa kwa wafuga ng'ombe wa magharibi, mwendo wa saa tatu kwa gari, kingine nikakizamisha kwenye vitongoji vya matajiri pembeni ya makao makuu, cha tatu nikakiacha peke yake kando ya mto, na mstari nikaupitisha katikati ya mtaa wa Cotter, hata nyumba ya mama na ya Ernestine zinatazamana lakini kila moja ina mbunge wake. Lile daftari la dada sikulifungua, mshauri, lakini lote lilikuwa kichwani. Na nikuambie ukweli wote, kazi ilipokamilika nilifurahi, ilikuwa safi, haina kasoro, Stroud akanigonga bega nami nikatabasamu.

Ernestine aligombea hivyo hivyo, akawa anaendesha gari hadi huko kwa wafuga ng'ombe kuhutubia kumbi zenye watu kumi na mmoja, na akapigwa vibaya. Siku ya kura Mzee Lucius Tate, jirani yetu wa miaka themanini na mitatu, ambaye hajakosa uchaguzi tangu mwaka 1965, sheria ilipotulinda sisi weusi tupige kura, alikwenda ukumbi wa kanisa kama kawaida yake, akaambiwa upande wake wa barabara sasa unapigia kura katika shule ya mbali, akaenda, akakuta foleni imezunguka jengo, akasimama weee, mwisho akarudi nyumbani. Alimwambia dada, "Mwanangu, sikukataa. Miguu ndiyo iliyokataa."

Jumapili iliyofuata Ernestine alitandaza ramani mezani kwa mama, kati ya sahani za kuku na mkate wa mahindi, akaweka kidole juu ya mstari. "Tazama aliyechora alivyokata jengo la wazee akalitenga na kanisa. Tazama alivyowakwepa wanaotuchukia. Kompyuta haijui haya. Huyu amekula kwetu." Kisha akanigeukia. "Wewe uko ofisi ile ile. Nitafutie jina lake."

Nikasema nitajaribu.

Sasa wakazi wameshtaki, wakidai ramani ilichorwa makusudi kuzima kura za weusi, Ernestine akiwa wa kwanza kwenye orodha, nami nimeitwa shahidi. Wakili wa kamati amenifundisha niseme tulitazama idadi ya watu tu, basi. Nikisema kweli nitapoteza kazi na dada. Nikisema uongo yeye atapoteza kesi, lakini mimi nitabaki na dada. Je, ipo njia ya kusema ukweli bila yeye kujua ni mimi? Hata hivyo mimi ni mtumishi tu, nilichora nilichoagizwa.

Mchoraji

*

Mchoraji,

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Naanza na ile "mtumishi tu". Ifute. Mtumishi tu angewapa ramani mbovu, iliyokatwa na mtu asiyejua nani anakaa wapi. Wewe uliwapa milango ambayo dada yako alikufungulia. Unasema uliogopa kupoteza kiti, halafu unasema ulifurahi. Woga naweza kuuhurumia, mimi mwenyewe nimewahi kunyamaza mbele ya bosi na bado najionea aibu. Ile furaha ndiyo utakayomweleza Ernestine, kwa sababu ndiyo atakayokuuliza.

Unauliza kama ipo njia ya kusema kweli bila yeye kujua. Hakuna. Na ulipomwambia "nitajaribu", ulimsaliti mara ya pili.

Eti ukidanganya utabaki na dada. Utabaki na mwanamke anayekupakulia chakula huku akimtafuta adui wake. Huyo si dada uliyebaki naye, ni mtu unayemwibia kila Jumapili.

Sasa nisikilize. Usifute chochote, si ujumbe wa Stroud wala rasimu za ramani. Tafuta wakili wako mwenyewe, kwa sababu yule wa kamati anailinda kamati, na siku mambo yakiharibika atakuonyesha wewe kwa kidole. Kabla ya mahakama nenda kwa Ernestine, mchana, peke yako, kwa miguu yako. Usipige simu. Usimtume mama yenu akulainishie njia. Mwambie kwa maneno machache, kisha nyamaza. Akikufukuza, ondoka. Usimwombe msamaha siku hiyo. Utakuwa unamwongezea kazi mtu uliyemchosha tayari. Mahakamani ukila kiapo, sema ulichoagizwa, sema na ulichoongeza mwenyewe bila kuagizwa. Kazi itakwenda. Iache iende.

Siwezi kukuahidi kwamba majaji watairudisha mitaa yenu mahali pake. Nimeishi jimbo hili miaka sitini na tisa, najua ramani hubaki na watu huhama. Na kura ya Mzee Tate hakuna hukumu itakayoirudisha.

Jambo la mwisho. Nyuma ya bahasha uliandika anwani yako, sijui kwa kusahau au kwa kutaka. Jibu hili nilikutumia kwa posta siku kumi kabla ya kulichapa, pamoja na tarehe ya toleo. Majina nimeyabadilisha, lakini mtaa uliopasuliwa katikati haubadilishiki, na dada yako ni mwalimu, anajua kusoma. Gazeti liko mezani kwake leo. Ama ameshasikia kutoka kinywani mwako, ama anakutambua sasa hivi, akisoma.