Nani Alibonyeza "Nakubali"

Nashik,
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninainama miguuni pako kutoka huku niliko, na natumaini barua hii itakukuta Wai ukiwa mzima, macho yameacha kuwasha na daktari amekuruhusu kusoma gazeti tena. Goti la Shangazi Sushila linaendeleaje? Mwambie yale mazoezi niliyomwonyesha asiyafanye siku ninayompigia simu tu. Kunyoosha viungo vya watu ndiyo kazi yangu, mgonjwa mvivu namjua hata kwa sauti. Huku mimi ni mzima. Zabibu zimejaa sokoni, kliniki imejaa wagonjwa, na mwenye nyumba hatimaye amelitengeneza lile bomba la jikoni lililokukera ulipokuja.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimejaribu kukupigia, nikakata kabla hujapokea. Kwenye simu mimi ningepiga kelele, wewe ungenyamaza, halafu Shangazi angekupokonya simu na kuanza kuniuliza nimekula nini. Kwenye karatasi utanisikia mpaka mwisho.

Nimeambiwa kwamba Bi Sathe, mama yake Nachiket, amekupigia na kukueleza jinsi nilivyomvunjia heshima nyumbani kwake, nikaiacha chai mezani na kutoka bila kuaga. Kuhusu chai amesema kweli. Kuaga, niliaga. Mengine naomba uyasikie kwangu.

Nilikwenda kwao kuzungumzia uchumba kama mlivyopanga, nimevaa ile sari ya kijani uliyoniletea. Nilimkuta Nachiket, baba yake ambaye haongei, Bi Sathe mwenyewe, na Shirish, yule mjomba wa Nachiket anayefanya kazi kwenye kampuni yenye programu ya simu ya kupangia watu matumizi ya nyumbani. Wakaniandalia poha za mchele uliopondwa, zenye nazi juu, wakanisifu kwa namna ninavyokaa, wakaniuliza habari za macho yako. Nikasema moyoni, afadhali, hawa ni watu wa kawaida.

Bi Sathe akaanza kwa utani. "Mrunal, naona jiko lako halichoki," akasema. "Kila wiki uko kwenye mikahawa ya Barabara ya Chuo!" Nikacheka, nikidhani pengine kuna mtu aliyeniona. Akaendelea, "Na kuogelea je? Mtu mzima na akili zake anakwenda kufundishwa kuogelea! Unataka kuvuka mto gani, mwanangu?" Shirish akacheka mpaka poha zikampalia.

Hapo nikaacha kutafuna. Baba, habari za kuogelea sijamwambia mtu, hata wewe. Ninajifunza kwa sababu tangu utotoni naogopa maji na nimechoka kuyaogopa. Ni jambo langu mwenyewe, na nilikuwa nikilifurahia hivyo hivyo, bila kujulikana.

Kisha Bi Sathe akaweka kikombe chini na sauti yake ikabadilika. "Haya, tuambie basi. Huyu Ketaki Bapat ni nani? Kila mwezi mshahara ukiingia tu, na yeye ana fungu lake. Na baba yako alikaa kiti hicho hicho akatuambia wewe ni mtoto wake wa pekee."

Dada yangu simwonei aibu, Baba. Lakini nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza kwamba ulisema hivyo, tena nayasikia kinywani mwa mtu baki, huku nimeshika kijiko chake.

Kisha niliwauliza wameyajuaje haya yote. Shirish akanijibu kwa kujivuna, kama mtu aliyengoja kwa hamu aulizwe. "Hakuna wizi hapa, dada. Akaunti yako imeunganishwa na programu yetu kihalali kabisa. Umekubali mwenyewe. Mimi ni mshauri tu, naona kile ambacho mteja ameruhusu nione." Nikamwambia sijawahi kuruhusu chochote wala sijawahi kuwa mteja wake. Akatabasamu na kusema mfumo hausahau, labda nimesahau mimi.

Basi nikauliza, na ya Nachiket iko wapi? Kama tunasomana, tusomane wote. Bi Sathe akanitazama kana kwamba nimemwaga chai kwenye zulia lake. "Mwanamume hafanyiwi hivyo. Mshahara wake tumeshawatajia."

"Na mimi mngeniuliza ningewatajia," nikamwambia. Nachiket wakati wote huo anahesabu njegere kwenye sahani yake. Nikasimama, nikasema naondoka, nikaondoka. Huko ndiko kukosa adabu nilikokosa.

Kesho yake niliingia benki nikiwaka moto. Unamkumbuka Nilofer Attar, tuliyesoma naye, aliyekuwa akija nyumbani kula achari yako ya embe? Siku hizi ni naibu meneja wa tawi. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba benki yake imewaingiza wezi kwenye akaunti yangu. Aliniacha nipige kelele mpaka mlinzi akaanza kusogea, ndipo akanivuta ofisini mwake na kunipa maji.

Alinieleza, Baba, na mimi nakueleza wewe, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kukueleza. Programu kama ile haipewi kabisa neno la siri la benki. Kati yake na benki iko kampuni ya tatu yenye kibali, kazi yake kubeba ruhusa na taarifa, na taarifa zenyewe hupita zimefungwa kwa mafumbo, hata huyo anayezibeba hawezi kuzisoma. Wanaopelekewa wanaweza kuangalia tu, hawawezi kuchukua hata senti. Na hawaangalii mpaka mwenye akaunti aulizwe kwanza: nani anataka kuona, aone nini, kwa sababu gani, na mpaka lini. Benki humtumia namba ya kuthibitisha kwenye simu yake mwenyewe. Akiiandika na kubonyeza "Nakubali", wanafunguliwa. Siku yoyote akitaka, anawafungia.

Nikasema basi huo mfumo umevunjwa. Nilofer akanigeuzia kompyuta nitazame. "Hakuna kilichovunjwa, Mrunal. Kila hatua imepita kama inavyotakiwa. Namba ilitumwa kwenye simu yako, na ikaandikwa kwenye simu yako. Kuna mtu alikuwa nayo mkononi." Akanionyesha siku na saa. Nitafika huko.

Nilitoka benki nimekasirika kuliko nilivyoingia. Nilikuwa nimekuja kutafuta mwizi, mtu nisiyemjua, nimchukie kwa raha zangu.

Ule muunganisho niliufunga pale pale mbele ya Nilofer. Kampuni ya akina Shirish niliiandikia, na sikuandika kwa upole. Wamejibu. Wamesema ruhusa ilitolewa kwa ajili ya kupanga matumizi, na mshauri hana haki ya kuyachukua mambo ya mteja akayapeleka sebuleni kwa dada yake. Shirish ameondolewa kwenye akaunti za watu, na taarifa zangu wamezifuta. Wameomba radhi kwa maneno mazuri sana. Lakini aliyesoma ameshasoma. Hakuna programu ya kufuta kichwa cha Bi Sathe.

Nachiket naye alinipigia. Akasema mama yake si mtu mbaya, ana wasiwasi tu, mtoto ni mmoja. Nikamuuliza kama na yeye alisoma. Akasema alipitia juu juu. Nikamuuliza, ulipofika kwenye jina la Ketaki ulifikiri nini? Akasema alidhani nitawaambia mwenyewe nikibanwa kidogo. Nikibanwa, Baba. Nikamtakia mke ambaye akaunti yake haina jina la mtu yeyote ndani yake, nikakata simu. Habari ya nyumba ile imeisha. Usimpigie Bi Sathe kunitetea, wala usimwombe msamaha. Zaidi ya hayo sina ninachodai kwao.

Sasa nirudi kwenye siku ile niliyoonyeshwa benki.

Ilikuwa Jumamosi, ulipokuwa kwangu baada ya kuonwa na daktari wa macho. Nilishuka chini kwa akina Joshi kwenye ibada yao, nikakuachia simu yangu usikilize nyimbo za kumsifu mungu wetu Vitthal. Namba ya kuifungua nilikupa mwenyewe, ili usiwe unaniomba kila mara. Niliporudi na sahani ya halua, ulinipa simu, ukasema chaji imepungua, na hukunitazama usoni. Nilidhani ni macho yanakuuma.

Aliyebonyeza ni wewe, Baba.

Nimemuuliza Shangazi na ameniambia yote. Alinisihi nisikuambie kwamba amesema. Nimemkatalia, maana siri katika nyumba yetu zimetosha. Shirish alikupigia kwenye simu yako, akakuelekeza hatua kwa hatua, bonyeza hapa mzee, nisomee namba iliyoingia mzee, haya iandike hapo mzee, sasa kubali mzee. Benki imeandika kwenye ujumbe ule ule kwamba namba isisomewe mtu. Na wewe, uliyewahi kumfukuza muuza vitambaa mlangoni kwa sababu mita yake ilikuwa fupi, ukamsomea.

Najua kwa nini ulifanya, na ndiyo maana sijaja Wai kukupigia kelele uso kwa uso. Ulipomwoza Ketaki hukuuliza lolote. Familia kubwa, jina zuri, ukasema inatosha. Hawakukwambia kwamba yule mtu alikuwa ameshamkimbiza mke mwingine kwa kipigo. Safari hii ulitaka kila kitu kiwe mezani, ulitaka kuonyesha sisi ni watu safi, hatuna la kuficha. Lakini kilichowekwa mezani ni changu mimi, Baba. Yule aliyemuumiza dada alikuwa bwana harusi! Kama kuna akaunti ya kusomwa, kwa nini uanze na ya binti yako? Na kwa nini hukuniita? Nilikuwa chini ya ngazi. Ungeniita ningepanda, ungeniuliza, ningekataa, tungegombana, ukanywa chai yako ukalala. Ungeniuliza tu.

Hilo linaniuma, lakini kuna linaloniuma zaidi. Uliwafungulia watu baki wasome mpaka nauli zangu ili waone hatufichi kitu, na kwa kinywa hicho hicho ukawaficha mtoto aliye hai. Ketaki alirudi kwako mdomo umepasuka, amembeba mtoto mchanga, ukamwambia nyumba haina nafasi ya mwanamke aliyemwacha mumewe. Nilikuwepo, nimesimama na taulo la maji. Tangu siku hiyo hatumtaji, mimi na wewe. Tunazungumza habari za mabomba na magoti.

Basi leo namtaja. Ndiyo, kila mwezi namtumia dada yangu. Hajawahi kuniomba. Anaishi Kolhapur, anapika vyakula vya mchana vya wanafunzi wa chuo, na wanaume wawili wa mtaani wanamsaidia kuvipeleka kwa baiskeli. Ninachotuma ni cha shule ya mwanawe, Sharvari. Mtoto ana paji la uso lako, na hubishana na redio kama wewe. Sitaacha kutuma, na wala sikuambii haya kwa kuomba ruhusa. Nakuambia kwa sababu ni haki yako kuyasikia kutoka kwangu, kama ilivyokuwa haki yangu kuulizwa.

Namba ya kufungua simu yangu nimeibadilisha. Ukija tena nitakufungulia nyimbo zako mwenyewe, na nitakaa nizisikilize pamoja nawe.

Sikukuu ya mwaka mpya, Gudhi Padwa, sitakuja Wai. Nitakwenda Kolhapur kwa Ketaki, nitafika asubuhi kabla hawajasimamisha mlingoti wa sikukuu mlangoni. Basi la kutoka Wai unalijua. Shangazi anayo namba ya nyumba, anayo muda mrefu, muulize. Dada hajui kwamba nakuandikia haya, na sitamwambia, ili asikae dirishani siku nzima akikungoja. Ukija, usije na maelezo yoyote, njoo na njaa tu. Anapika kumshinda mama, na mama mwenyewe angekuwepo angekiri. Ukiamua kutokuja, usinipigie kunitajia sababu. Nitaelewa nikiona jua limezama na hujafika.

Nisalimie Shangazi Sushila, na umwambie simkasirikii. Wasalimie akina Gokhale wa jirani na yule mbuzi wao anayekula maua yako. Funika macho ukitoka kwenye vumbi, na zile dawa za matone usiziache katikati kwa sababu umepata nafuu.

Wako akupendaye, na aliyekasirika,

Mrunal