Kuku Wangu wa Milepa

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Malangali tu wazima, ulezi tumeshavuna, na mume wetu, babu yako, anaandika riwaya yake ya tatu ya upelelezi.

Unauliza yeye, mwalimu mstaafu, aliwajulia wapi wezi anaowaandika. Tulipokuwa tukifundisha shule ya Milepa, kuku wangu aliibwa kwenye nyumba za walimu. Wenzetu walitaka kuchapa darasa zima. Babu yako akaanzisha darasani hadithi ya mwizi wa kuku, kila mwanafunzi aongeze kipande. Mmoja akataja kitambaa chekundu mguuni mwa kuku. Nilikuwa nimekifunga asubuhi ya siku aliyoibwa, na hatukumwambia mtu.

Babu yako hakumuumbua. Alisema, "Malizia wewe." Mtoto akamalizia kwa wadogo wa mwizi kulala wameshiba.

Wasomaji wake humsaka mwizi. Mimi husoma nikingoja pale babu yako atakapomhurumia.

Bibi yako